Kusoma umaskini na haki ya kijamii kama fani ndogo ya shahada ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wanafunzi wanaosoma au wanaotarajia kusoma shahada ya kwanza Marekani, hasa waliotoka Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo, wanaotaka kuongeza fani ndogo ya umaskini na haki ya kijamii juu ya fani yao kuu. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Pale ambapo wanafunzi wengi hukwama, tumekaa zaidi.

Fani ndogo ni nini hasa?

Katika vyuo vikuu vya Marekani kila mwanafunzi ana fani kuu. Akitaka, huongeza fani ndogo, ambayo kwa kawaida ni kozi 5 au 6, yaani krediti 15 hadi 18 hivi. Huandikwa kwenye transkripti. Vyuo vingi haviiandiki kwenye cheti chenyewe. Kwa hiyo hutahitimu na shahada ya umaskini. Unabaki mhasibu, muuguzi au mhandisi, ila ni mhasibu aliyefundishwa kusoma bajeti ya halmashauri na kuuliza ni nani ameachwa nje.

Inafundishwa wapi?

Programu inayojulikana zaidi ni ile ya Chuo Kikuu cha Washington and Lee, mji wa Lexington, Virginia. Ilianzishwa mwaka 1997 na Profesa Harlan Beckley, na inaitwa Shepherd. Kutokana nayo ulizaliwa umoja wa vyuo vyenye masomo ya namna hiyo, ambao hupeleka wanafunzi wao kwenye mafunzo kwa vitendo ya wiki 8 wakati wa likizo ya kiangazi. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kina fani ndogo ya umaskini wa dunia na utendaji chini ya Kituo cha Blum, kilichofunguliwa mwaka 2006. Notre Dame, jimbo la Indiana, nako kuna fani ndogo ya masomo ya umaskini.

Majina hutofautiana sana, na jina zuri si ushahidi wa kitu. Unapopitia orodha ya kozi za chuo, tafuta mambo matatu: kozi ya mbinu za utafiti, mafunzo kwa vitendo yenye msimamizi, na kozi ya mwisho ambapo unarudi na ulichokiona na kukiandika. Likikosekana moja kati ya hayo, unachopewa ni mkusanyiko wa kozi za sosholojia na siasa ambazo ungeweza kuzichukua hata bila fani ndogo.

Kozi zenyewe ni zipi?

Huanza na kozi ya utangulizi: umaskini ni nini, unapimwaje, unasababishwa na nini, na kwa nini watu wenye akili timamu wanapingana juu ya majibu. Kisha huja mbinu na maadili ya utafiti. Halafu kozi mbili au tatu za kuchagua kutoka idara nyingine, kama uchumi, afya ya jamii, sheria, elimu, mipango miji, au historia ya ubaguzi wa rangi Marekani. Mwisho ni mafunzo kwa vitendo na kozi ya kuhitimisha.

Kuhusu hizo za kuchagua, usichukue zote kutoka idara moja. Aliyesoma uchumi mtupu hujua bei bila kujua historia, na aliyesoma nadharia za haki pekee hushindwa kusema mpango aupendao utagharimu kiasi gani. Uliza pia mapema ni kozi ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa kwenye fani kuu na fani ndogo kwa pamoja. Vyuo vingi huruhusu moja au mbili tu, na mwanafunzi asiyelijua hilo huligundua muhula wa mwisho, akiwa amepungukiwa kozi moja.

Lazima nijue hesabu?

Hesabu za kidato cha nne zinatosha kuanzia, lakini usizikimbie. Huruma bila hesabu hukudanganya, na mfano huu unaonyesha jinsi.

Chukua mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi uliotumika Tanzania katika utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18: shilingi 49,320 kwa mwezi kwa kila mtu mzima, huku mtoto akihesabiwa kama sehemu ya mtu mzima. Ni kama shilingi 1,644 kwa siku. Sasa tuseme una watu 10, na watatu wako chini ya mstari: wa kwanza anatumia 45,000, wa pili 40,000, wa tatu 20,000. Kiwango cha umaskini ni watatu kwa kumi, asilimia 30.

Una shilingi 5,000 za kugawa. Ukimpa wa kwanza, anafika 50,000 na kuvuka mstari. Umaskini unashuka hadi asilimia 20, na ripoti yako inapendeza. Ukimpa wa tatu, anafika 25,000, bado yuko chini sana, na kiwango kinabaki asilimia 30 ile ile, kana kwamba hukufanya kitu. Kipimo hiki cha kuhesabu vichwa kinamzawadia anayemsaidia aliye karibu na mstari na kumwacha aliye chini kabisa.

Ndiyo maana James Foster, Joel Greer na Erik Thorbecke, mwaka 1984, walitoa vipimo vinavyohesabu pia kina cha umaskini. Kwa kila maskini unachukua pengo lake hadi kwenye mstari, unaligawa kwa mstari wenyewe, unajumlisha, kisha unagawa kwa watu wote 10. Katika mfano wetu mapengo ni 0.088, 0.189 na 0.594, ukigawa jumla kwa 10 unapata 0.087. Baada ya kumpa 5,000 yule wa tatu, pengo lake linashuka hadi 0.493 na kipimo kinakuwa 0.077. Sasa msaada wako umeonekana. Ukizidisha kila pengo kwa lenyewe kabla ya kujumlisha, aliye chini kabisa anapata uzito mkubwa zaidi.

Hiyo ndiyo hesabu yote. Anayeielewa hasomi tena kichwa cha habari kisemacho "umaskini umepungua" bila kuuliza: umepungua kwa nani?

Mbona kila mahali natajiwa mstari tofauti wa umaskini?

Kwa sababu iko mingi, na kuichanganya ndilo kosa la kwanza katika insha za wanafunzi.

Benki ya Dunia ina mstari wa kimataifa. Ulianza na dola 1 kwa siku mwaka 1990, ukawa 1.25, kisha 1.90 mwaka 2015, 2.15 mwaka 2022, na tangu Juni 2025 ni dola 3.00. Dola hizi si zile za dukani kwa mbadilisha fedha. Ni dola zilizorekebishwa kwa uwezo wa kununua, yaani kiasi cha shilingi kinachonunua Tanzania kile ambacho dola 3.00 ingenunua Marekani mwaka 2021. Ukiizidisha dola 3.00 kwa kiwango cha benki cha leo, umekosea, na utapata mstari mkubwa kuliko ulio halisi.

Kila nchi ina mstari wake pia. Kwa mstari wa Tanzania wa 2017/18, asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa maskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8.0 hawakuweza kumudu hata chakula peke yake. Kenya, utafiti wa 2015/16 ulitumia shilingi za Kenya 3,252 kwa mwezi vijijini na 5,995 mijini, na ukapata asilimia 36.1. Usiweke asilimia 26.4 na 36.1 kwenye jedwali moja ukasema Tanzania ina nafuu. Mistari ni tofauti, miaka ni tofauti, na madodoso ni tofauti. Kulinganisha nchi na nchi, tumia mstari wa kimataifa.

Marekani yenyewe ina kipimo cha ajabu. Mollie Orshansky, mtumishi wa idara ya hifadhi ya jamii, alikitengeneza mwaka 1963 na 1964: alichukua gharama ya mlo wa bei ya chini kabisa akaizidisha kwa tatu, kwa kuwa utafiti wa 1955 ulionyesha familia hutumia theluthi ya kipato kwa chakula. Kikawa kipimo rasmi mwaka 1969. Hadi leo hupandishwa tu kufuata bei, ingawa kodi ya nyumba, matibabu na malezi ya watoto sasa vinameza zaidi kuliko chakula. Mwaka 2025 mwongozo wa serikali kwa familia ya watu wanne ulikuwa dola 32,150 kwa mwaka, na ulikuwa ule ule kwa kijiji cha Kentucky na kwa jiji la Boston. Alaska na Hawaii tu ndizo zina wake. Kipimo cha nyongeza kilichoanza kutolewa mwaka 2011 huhesabu pia kodi, misaada ya chakula na gharama za makazi za kila eneo. Ukinukuu takwimu ya Marekani, sema ni ya kipimo kipi.

Haki ya kijamii inaingiaje hapo? Si ni takwimu tu?

Takwimu ndizo zinazoileta. Angalia watoto wa Marekani. Mwaka 2021 serikali iliongeza nafuu ya kodi kwa wenye watoto hadi dola 3,600 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 6 na 3,000 kwa wakubwa zaidi, na sehemu yake ikalipwa kila mwezi, hata kwa wazazi wasio na kipato. Kwa kipimo cha nyongeza, umaskini wa watoto mwaka huo ulikuwa asilimia 5.2. Nyongeza ikaachwa iishe. Mwaka 2022 umaskini ule ule ukapimwa asilimia 12.4. Wazazi hawakuwa wavivu zaidi ghafla. Kilichobadilika zaidi ni uamuzi uliofanywa bungeni. Mtu akishaliona hilo, swali la haki haliepukiki: nani aliamua, na nani hakuulizwa?

Darasani utakutana na John Rawls, anayeuliza ungechagua sheria gani kama usingejua utazaliwa tajiri au maskini. Utakutana pia na Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, anayesema umaskini ni kunyimwa uwezo wa kuishi maisha ambayo mtu ana sababu ya kuyathamini. Baiskeli moja haina faida sawa kwa mzima na kwa mwenye ulemavu wa miguu. Kutoka wazo hilo kulitokea vipimo vya umaskini wa mambo mengi: kile kinachotumiwa na Umoja wa Mataifa tangu 2010 kina nyanja 3, yaani afya, elimu na hali ya maisha, na viashiria 10. Anayekosa theluthi moja ya viashiria kwa uzito wake huhesabiwa maskini.

Msomaji wa Kiswahili anaingia darasa hilo akiwa na akiba yake. Ujinga, umaskini na maradhi vilitangazwa kuwa maadui wa taifa Tanganyika ilipopata uhuru, na Azimio la Arusha la 1967 lilijadili waziwazi nani ananyonya na nani ananyonywa, na kwa nini maendeleo ya kutegemea fedha za nje ni hatari. Ulete mjadala huo darasani. Maprofesa wengi wa Marekani hawajausoma, na unastahili kukaa meza moja na Rawls, pamoja na makosa yake, ikiwemo jinsi watu walivyohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini miaka ya 1970.

Wazazi wanasema: "Umaskini tumeukimbia, wewe unaenda kuusomea?"

Waeleze kwamba fani kuu yako haijabadilika, na kwamba kozi tano hazichelewishi kuhitimu zikipangwa mapema. Na wana jambo la maana: wao wanaujua umaskini kwa namna ambayo kitabu hakiujui. Waulize mlo wa siku ya mwisho ya mwezi ulipatikanaje, na nani alikopeshwa na duka la Mangi bila riba. Majibu yao ni data, yaandike.

Nina viza ya mwanafunzi, F-1. Mafunzo kwa vitendo yanaruhusiwa?

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo soma polepole. Kibali cha CPT, kinachomruhusu mwanafunzi wa F-1 kufanya mafunzo kazini nje ya chuo, hutolewa kwa kazi inayohusiana na fani kuu. Fani ndogo pekee haitoshi. Hali ni hiyo hiyo kwa OPT, kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu. Kama fani kuu yako ni afya ya jamii na mafunzo ni kwenye zahanati ya wasio na bima, njia ipo. Kama fani kuu ni kemia na mafunzo ni kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, usitegemee kibali.

Kwa kawaida lazima uwe umesoma muda wote kwa mwaka mzima wa masomo kabla ya CPT, na kibali kiwe kimeandikwa kwenye fomu yako ya I-20 kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Siku ya pili umechelewa. Miezi 12 ya CPT ya muda wote hufuta haki yako ya OPT katika ngazi hiyo ya shahada. Na usidhani "hawanilipi, basi si kazi." Kujitolea kwa hisani kunaruhusiwa, lakini ukifanya bure kazi ambayo mtu mwingine huajiriwa na kulipwa kuifanya, inaweza kuhesabiwa ajira bila kibali.

Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa muhula mmoja kabla, ukiwa na barua ya mwenye nafasi inayotaja majukumu, tarehe na saa kwa wiki. Kibali kikishindikana, omba mafunzo ndani ya chuo, kama vile kwenye mradi wa utafiti wa profesa, au nje ya Marekani.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, nina hadhi ya kudumu sasa. Sheria hizo zinanihusu?

Hapana. Wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye kadi ya kijani wanaruhusiwa kufanya kazi, na wako kwenye makundi ya wasio raia wanaoweza kuomba msaada wa serikali kupitia fomu ya FAFSA. Ruzuku ya Pell, isiyorudishwa, ilifikia dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024/25. Mafunzo mengi kwa vitendo hayana malipo, kwa hiyo uliza kama programu ina posho. Programu inayofundisha haki halafu ikamtaka mwanafunzi asiye na kitu afanye kazi bure kiangazi kizima inapaswa kuulizwa swali hilo ana kwa ana.

Kiswahili chako pia kina thamani kwenye mafunzo hayo. Zahanati, shule na ofisi za makazi mapya katika miji yenye Wakongo wengi zinahitaji watu wanaojua lugha. Lakini usikubali kufanywa mkalimani wa mambo ya matibabu au mahakama bila mafunzo. Kosa la neno moja kwenye kipimo cha dawa humdhuru mgonjwa.

Naweza kufanya mafunzo au utafiti nyumbani, Tanzania au Kenya?

Unaweza, na mara nyingi ndiyo chaguo bora, mradi uanze miezi sita kabla.

Kwanza, kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako. Kanuni zake zinatokana na Ripoti ya Belmont ya 1979: heshima kwa mtu, kumtendea mema na kutomdhuru, na haki katika kugawa mzigo na faida ya utafiti. Iliandikwa baada ya kufichuliwa kwa jaribio la Tuskegee, ambapo kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa tu bila kutibiwa. Utafanya kozi fupi ya mtandaoni ya maadili, kisha utawasilisha dodoso lako na fomu ya ridhaa kwa Kiingereza na Kiswahili.

Pili, kibali cha nchi. Tanzania Bara hutolewa na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na Kenya na tume ya sayansi, teknolojia na ubunifu, NACOSTI. Zanzibar ina utaratibu wake. Baada ya hapo unashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, hadi kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji au mtaa, Kenya utapita kwa chifu. Usiruke ngazi hata kama kuna ndugu yako hapo kijijini. Mwenyekiti aliyerukwa husema neno moja tu, na milango yote inafungwa.

Tatu, safari yenyewe. Kabla ya kununua tiketi hakikisha sahihi ya kusafiri kwenye I-20 na viza bado ni halali. Tangu Juni 2025 Marekani imeweka vizuizi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na orodha imekuwa ikibadilika. Mwanafunzi anaweza kutoka vizuri akashindwa kurudi. Kama kuna shaka, baki.

Na tunaomba sana: usichague kituo cha watoto yatima cha kukaa wiki tatu na kuondoka. Wengi wa watoto wa vituo hivyo wana mzazi au ndugu aliye hai, na kinachowakosesha nyumbani ni umaskini wenyewe. Kila kundi la wageni linalokuja na kupiga picha linafanya kituo kiwe na sababu ya kuwa na watoto.

Dodoso langu la kaya limeandikwa vizuri kwa Kiingereza. Nikilitafsiri tu inatosha?

Haitoshi. Mahojiano huharibikia kwenye vitu vidogo.

"Unatumia shilingi ngapi kwa mwezi?" haijibiki. Mama lishe hapokei mshahara. Mtaji na matumizi ya nyumbani vinakaa kwenye pochi moja. Uliza chakula kwa siku saba zilizopita, kitu kimoja kimoja, na vitu vya mara chache, kama ada na sare, kwa miezi 12. Namna ya kuuliza inabadilisha jibu: jaribio lililofanyika Tanzania kwa kaya takriban 4,000 lililinganisha aina 8 za dodoso la matumizi, na viwango vya umaskini vilivyopatikana vilitofautiana sana ingawa kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu.

Vipimo navyo. Nyanya zinanunuliwa kwa fungu, unga kwa kilo au kwa sado, mafuta ya kula kwa kipimo kidogo cha mia tano. Kabla ya kuanza, nenda sokoni na mizani. Pima mafungu matatu kutoka kwa wauzaji watatu, tafuta wastani, na uandike bei na tarehe. Rudia baada ya wiki mbili, kwa sababu bei ikipanda muuzaji mara nyingi habadilishi bei ya fungu, anapunguza nyanya.

Mahindi ya shambani yahesabu kwa bei ya soko la hapo, la sivyo mkulima anayejilisha ataonekana hana kitu. Uliza chai na chapati zilizoliwa kazini. Kuhusu nani ni wa kaya, "wanaokula chungu kimoja" hueleweka kuliko tafsiri yoyote ya kitaalamu, lakini uliza pia juu ya mtoto aliyepelekwa kwa bibi na baba aliye mjini anayetuma fedha. Andika kama ni msimu wa mavuno au wa njaa, na kama ni Ramadhani.

Ukiuliza "Una deni?" utajibiwa hapana. Uliza kimoja kimoja: kikoba, upatu au chama, dukani, Songesha au Fuliza kwenye simu, na mwisho kabisa, kwa sauti ya kawaida, kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa mno. Mikopo hiyo ya mwisho inatia aibu. Kama mume au mkwe amekaa pembeni, ruka swali, urudi siku nyingine.

Usitumie kifungu "watu maskini" mbele ya mtu unayemhoji. Waliomo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, huitwa walengwa, na hata neno hilo wengine hawalipendi. Na kabla hujaanza sema waziwazi kwamba jibu lake halitamwingiza kwenye orodha yoyote ya misaada. Usiposema, atakujibu kama anayeomba, nawe utarudi na data isiyofaa na kumwachia tumaini ulilolipanda bure.

Nianze lini, na kwa hatua zipi?

Chukua kozi ya utangulizi mwaka wa kwanza au muhula wa kwanza wa mwaka wa pili. Tangaza fani ndogo kwa mshauri wa masomo kabla mwaka wa pili haujaisha. Mbinu za utafiti ziwe zimekwisha kabla ya kiangazi cha mwaka wa tatu, ambacho ndicho cha mafunzo kwa vitendo. Maombi ya nafasi kwa kawaida hufungwa kati ya Novemba na Februari. Kozi ya kuhitimisha inakaa mwaka wa nne. Anayetangaza mwaka wa tatu anaweza kumaliza, lakini atafanya mafunzo kabla ya mbinu, na hilo ni sawa na kwenda kuvua kabla ya kushona nyavu.

Inanipa kazi?

Yenyewe peke yake, hapana. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi Julai 2025, na nafasi nyingi za miradi Afrika Mashariki zimepotea nalo. Anayesoma fani hii kwa kutegemea gari la mradi na posho ya safari achague kitu kingine. Kinachouzika ni fani ndogo hii ikiwa imeungana na ujuzi unaopimika: takwimu, uuguzi, sheria, uhasibu, uhandisi wa maji. Jifunze programu moja ya kuchambua data, R au Stata, na moja ya kukusanyia, kama KoboToolbox. Waajiri wapo katika ofisi za takwimu, halmashauri za miji, hospitali, vyama vya akiba na mikopo, kampuni za utafiti.

Niko Dar es Salaam au Nairobi. Lazima niende Marekani kusoma hili?

Hata kidogo. Vyuo vyetu mara nyingi havina mfumo wa fani ndogo, lakini maudhui yapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha kozi za masomo ya maendeleo kwa wanafunzi wa fani mbalimbali kupitia taasisi yake ya taaluma za maendeleo. Wengi huzichukulia kama za kupita tu, ilhali ndizo hizi. Chuo cha Mipango Dodoma, Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru na Taasisi ya Ustawi wa Jamii zinatoa shahada kamili zinazogusa mambo haya kwa karibu kuliko darasa lolote la Virginia. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilianzisha taasisi ya masomo ya maendeleo mwaka 1965.

Unachoweza kukosa ni ile kozi ya kurudi na kuandika. Ijaze mwenyewe: kwenye fildi weka daftari mbili, moja ya kazi uliyotumwa, nyingine ya yale usiyoyaelewa, na umpelekee mwalimu mmoja hiyo ya pili mkishafungua chuo.